Nyumba ya Kamba

Jana nilifungua sanduku la marehemu baba, na ile harufu kali ya karatasi za ramani, kama mkojo wa mbuzi, ikanirudisha Baleni, kwenye kiwanja chetu katikati ya minazi. Nyumba iliyochorwa humo haikujengwa kamwe, lakini mimi nimewahi kuingia.

Baba alikuja na michoro hiyo kutoka mjini: paa bapa, nguzo nyembamba, ukuta mzima wa vioo. Mama aliitazama sana.

“Mimi siioni nyumba, mume wangu. Naona mistari tu.”

Baba hakumcheka. Alichukua vigingi na kamba za usumba, akaipima nyumba yote pale mchangani, chumba kwa chumba, nasi watoto tukimshikia kamba. Kisha akasimama palipokuwa mlango, akamwita mama.

“Hodi,” mama akabisha.

“Karibu.”

Akavua makubadhi, akaingia. Jikoni aliuliza dirisha liko wapi, akaonyeshwa, akasimama hapo akitazama nje kwa muda mrefu. Halafu akaenda chumbani kwao, akakaa chini, akanyoosha miguu iliyovimba kwa maradhi yaliyomchukua baadaye.

Jua lilipokuwa kali baba akasema twende nyumbani.

“Tangulieni,” mama akasema. “Mimi niacheni kidogo humu ndani.”

Baba alikuwa amesimama nje ya kamba, karibu naye kabisa. Angeweza kuiruka tu. Akazunguka mpaka mlangoni, akavua viatu, akapita sebuleni, akaenda kukaa kando yake.