Wa Mama Hakurudi Mtoni

Juzi, kwenye Mto Potomac huku Marekani, mzee mmoja alimbusu samaki wake, akamrudisha majini, kisha akanitazama akingoja nami nimrudishe wangu. Nikamkumbuka mama.

Nilikuwa mdogo. Tulikuwa tunaelea kwenye mtumbwi wa kukodi, mkondo ukitubeba polepole, mikono ikinuka minyoo na matope. Boya la mshipi likazama, mama akavuta samaki mnene aitwaye wolai, mwenye macho meupe. Nilidhani ni kipofu, nikamwonea huruma.

"Hapa tunawarudisha!" mwanamume akafoka kutoka boti ya jirani.

Nilidhani ni polisi. "Mom, please, let it go," nikamnong'oneza mama kwa Kiingereza, nikimsihi amwachie.

Mama akampima samaki kwa rula, akaona amefikia kipimo kinachoruhusiwa. Leseni ya kuvua ilikuwa mfukoni, hakuitoa. Akamjibu yule mtu kwa Kiswahili, mto mzima ukasikia: "Wako mrudishe! Wangu anasubiriwa na nazi nyumbani!"

Siku hizi najua macho yale huona hata gizani. Kipofu nilikuwa mimi, niliyeona aibu.

Basi juzi nilimtazama yule mzee usoni, nikafunga ndoo yangu, samaki akiwa ndani. "Anasubiriwa na nazi," nikamwambia, kwa Kiswahili, na sikumtafsiria.