Tembre ya Noeli yenye kuku: namna mke wangu alivyojua mi niko mzima

Wakuu, hodi humu ndani. Wenye umri wangu nawasalimu kwa heshima, vijana nao wakae vizuri.

Mi ni mzee wa Baraka, Fizi, kule Kivu ya Kusini. Masomo yangu yaliishia darasa la tatu, kwa hiyo mkikuta herufi imeanguka muiokote muendelee. Ninachosimulia nilikifanya kwa mikono hii. Wa kunipinga ni mke wangu Riziki peke yake, naye iko hapa pembeni anachagua maharagwe na ameshaanza kucheka.

Juzi niliona uzi humu wa tembre za Noeli za Ulaya. Ndugu zetu wa Tanzania wanaziita stempu. Eti zingine zinang'aa, zingine zinanukia. Watu mnashangaa.

Nikasema, hawa hawajaona yetu.

Kabla ya vita nilikuwa sentineli wa posta, kazi yangu kulinda mlango. Lakini mzee wa posta mgongo ulimsumbua, basi tampon, ule muhuri wa posta, nilikuwa napiga mi. Nimepiga tampon barua nyingi kuliko nilizosoma. Na Padri mmoja mzungu aliwahi kunipa ninuse tembre ya Noeli iliyotoka kwao. Ilinuka kama mti uliokatwa sasa hivi. Nilinusa mpaka akaninyang'anya.

Hiyo muiweke pembeni, tutairudia.

Vita ya kwanza ilitupita na tukabaki. Ya pili ikatutawanya. Siku ile Riziki na watoto walikimbilia ziwani, mi nilikuwa shambani, nikakimbilia milimani. Wao wakavuka mpaka Kigoma, wakaingia kambi ya wakimbizi. Mi nikakaa milima ya Fizi miezi mingi, nakula mihogo mibichi.

Huko mlimani nilibadilisha shati langu na mtu, akanipa chumvi. Shati la maua, Riziki mwenyewe alilishona. Yule mtu alikufa nalo mwilini. Mungu amrehemu, sikujua hata jina lake, na chumvi yake niliimaliza.

Wapita njia wakaona shati. Habari ikavuka ziwa.

Niliporudi Baraka nilikuta mi ni marehemu.

Aliyeniambia ni Mama Zaina, jirani yetu mwislamu mwenye mtumbwi wa mashini, anayevuka Kigoma kwa biashara. Alinikuta nafagia kiwanja changu, ndevu za mlimani zimenifika kifuani, akatupa kikapu chini.

"We! Si ulikufa?"

"Nani amesema?"

"Kambi nzima! Bibi yako iko kwenye matanga. Wamepanga kuyamaliza siku ya kuamkia Noeli, bamunyoe, kisha ndugu zako bamupe muntu wa kumutunza."

Nikamwambia, Mama Zaina, nenda umwambie niko mzima. Akatikisa kichwa.

"Nitamwambia, lakini hataamini. Matapeli bamemaliza bantu kule. Muntu anakuja, anasema nimemuona bwana yako, nipe kitenge nimupelekee. Riziki ameshatoa vitenge viwili. Amesema maneno ya kinywa hataki tena."

Kuvuka mwenyewe haikuwezekana. Mwanaume akionekana kwenye mtumbwi, upande huu wanamwita adui, upande ule wanamwita adui. Barua? Barua zangu zote maisha yangu waliandika watu wengine. Mwandiko wangu Riziki haujui kwa sababu sina.

Michoro yangu ndiyo anaijua, lakini mchoro ndani ya barua ulikuwa hatari. Komanda aliyeshika ufuko wa Baraka alifungua kila barua. Akiona mistari anasema ni ramani. Barua isiyo na tembre aliichana hapo hapo, eti ni ya siri. Na posta ilikuwa imefungwa, tembre zote zimeliwa na mchwa.

Basi nikaenda kwa pasta wetu, Pasta Elie. Nikamwambia, kanisa litoe tembre ya Noeli, mi nitachonga.

Pasta akaniangalia sana. Akauliza, "Utachonga kwa kitu gani?"

Nikavua ndala.

Wakuu, mpira wa ndala unachongeka kuliko mti! Nilichonga mamajusi watatu wanakuja kumuona Mtoto Yesu, na nyota juu. Ngamia sijawahi kumuona, basi nikawapandisha mtumbwi. Walitoka mashariki, na mashariki yetu ni ng'ambo ya ziwa. Watapita wapi kama siyo majini?

Halafu kwenye mtumbwi, nyuma yao, nikaweka kuku.

Hapo lazima niwaambie habari ya kuku. Siku nilipomleta Riziki kutoka kwao Ubwari, kuku tuliyepewa na wakwe aliruka majini katikati ya safari. Wanaume tukabaki tunapiga kelele. Bibi harusi, na kitenge chake kipya, akajitupa ziwani akamkamata mguu. Toka siku ile nikichora mtumbwi, ukutani, kwenye kiti, kwenye mlango, naweka kuku. Jambo hilo la nyumbani, tapeli angelijulia wapi?

Sasa tembre yenyewe. Pasta alinisomea Matayo: mamajusi walileta dhahabu, uvumba na manemane. Nikasema, vyote vitatu vitakuwemo.

Wino ulikuwa makaa ya betri ya redio. Dhahabu: tone moja la mawese juu ya nyota, likikauka ni jekundu la kung'aa. Uvumba: Mama Zaina alitoa ubani wake wa Ijumaa, tukafukiza karatasi chini ya kapu mpaka zikanukia. Akasema, "Isa ni nabii wetu pia, fukiza tu." Manemane Pasta alisema ni chungu, basi gundi ya muhogo nikaichanganya na maji ya majani yale machungu tunayokunywa kwa malaria. Ukilamba tembre uso unajikunja. Faida nyingine, mende wa mtumbwini hawakuigusa.

Kuona, kunusa, kuonja. Hao wa Ulaya wamefika hapo?

Ila nilikosea. Nilichonga mtumbwi unakuja upande wetu. Nilipogandamiza kwenye karatasi, picha ikageuka, mamajusi wakawa wanaondoka! Mtu aliyepiga tampon miaka yote ile, akasahau kwamba mpira unachongwa kinyume. Ndala ya pili sikuwa nayo. Pasta akasema, "Acha, Mungu ataona."

Watu wa Baraka walipokea tembre kwa furaha. Kikapu cha Mama Zaina kikajaa barua, barua yangu katikati.

Asubuhi ya safari tulishuka ufukoni. Zilibaki siku mbili tu kabla ya wembe.

Komanda akachukua barua ya juu.

"Tembre gani hii?"

"Ya Noeli, komanda," Pasta akajibu. "Ya kanisa."

Akaigeuza geuza. "Baba yangu alikuwa katekista, musinidanganye. Bamamajusi balitoka mashariki. Hawa bako naenda mashariki."

 Pasta akakohoa.

"Hapo bako narudi kwao. Matayo sura ya pili. Baliambiwa kwa ndoto bapite njia ingine, bamukwepe Herode."

 Komanda akaweka mkono kwenye bunduki.

"Herode ni nani hapa?"

Pasta wangu, anayehubiri saa mbili bila kunywa maji, akarudi nyuma yangu. Mama Zaina akaingia kati na makalio yake, samahani wakuu, ndivyo alivyosukuma watu.

"Herode alikufa zamani, mwanangu. We nusa kwanza."

Komanda akanusa. Akanusa tena. Uso ukalegea kidogo.

"Na huyu kuku? Biblia haina kuku hapa. Huyu ni alama ya siri!"

Na kweli ilikuwa alama, wakuu! Nilijiona nimechanika pamoja na barua. Lakini Pasta akatoka nyuma yangu.

"Biblia haisemi hata kama balikuwa batatu, komanda. Inataja zawadi tatu tu, hesabu ya bantu tumeweka siye. Na haisemi balikula nini njiani. Bantu banatoka mbali hivyo, bakose hata kuku?"

Askari mmoja akapasuka kicheko. Komanda akajikaza, akalamba tembre moja iliyobaki kwenye kiganja changu, uso ukajikunja kama mtoto aliyepewa kwinini, na wote tukacheka mpaka yeye mwenyewe.

"Manemane," nikamwambia.

Akafuta mdomo. Akasema polepole, "Nipe moja. Mama yangu iko kule kule kambini."

Kikapu kikapita. Barua yake ikawa juu.

Siku tano nilikaa sijui kama nina mke. Noeli ilipita, niliimba kanisani bila kusikia sauti yangu.

Siku ya sita Mama Zaina akashuka ufukoni anapiga vigelegele kutoka majini.

Alifika kambini mchana ule ule wa kunyoa. Riziki alikuwa ameketi kwenye mkeka, bamama wamemzunguka wanalia, wembe umeshapita upande wa kushoto. Mama Zaina akapenya katikati yao. Alimwekea barua mapajani. Riziki akaiangalia. Akaona mtumbwi. Akaona kuku.

Akacheka! Bamama wakadhani amerukwa na akili. Akasimama, akampokonya mnyoaji wembe, akazunguka kambi na nusu ya nywele, anamwonyesha kila mtu kuku.

Barua ya ndani hakuifungua mpaka kesho yake.

Mama Zaina akanipa amvelopi, yaani bahasha. Juu yake tembre ile ile, imebanduliwa na kubandikwa tena. Ndani hakukuwa na karatasi. Kulikuwa na ule wembe, umefungwa kwenye kipande cha kitenge. Ujumbe aliubeba Mama Zaina kinywani, akautoa na vidole vimeshika kiuno kama Riziki mwenyewe:

"Nyoa ndevu. Nakuja."

Alikuja kiangazi kilichofuata, njia ya moja kwa moja kutoka Kigoma ikiwa imefungwa, wakazungukia Ubwari kwao. Kwa njia ingine, kama mamajusi. Watoto wote wazima. Nywele za kushoto zilikuwa fupi kuliko za kulia, alikataa kuzisawazisha mpaka nizione. Na kwapani alikuwa na kuku, amemfunga miguu safari hii.

Mi nilikuwa nimenyoa.

Somo langu, wakuu, ni dogo. Serikali ikifunga posta, posta ni nyie. Na kosa la mkono wako usilitupe haraka, labda linajua njia kuliko wewe.

Tembre moja iko bado ndani ya Biblia yetu, hapo hapo Matayo. Harufu ya ubani imekwisha. Uchungu ninaamini upo, lakini Riziki amenikataza kulamba.

Kama mama yako au bibi yako alipata kambini barua yenye mamajusi na kuku, sema hapa chini. Komanda, kama uko hai na unasoma, tuambie mama alijibu nini. Na mwenye tembre kali kuliko hii aiweke, tuone.