Lombe, Mama Mkwe na Viatu Vyangu

Nimefundisha fizikia miaka kumi na tisa hapa Lubumbashi, na sijapata mwanafunzi aliyeielewa kama Lombe, mtu ambaye hakumaliza darasa la tano na ambaye huniuzia mkaa, au makala kama tunavyouita huku.

Lombe huutoa mkaa upande wa Kipushi kwa baiskeli. Mifuko mitano hufungwa nyuma ya kiti, imepandana mpaka ukimwona kwa mbali unadhani kichaka kimejiotea magurudumu. Kupanda mlima husukuma. Kushuka ndiko kwenye kazi, maana breki za ile baiskeli zilikufa zamani. Yeye hukanyaga gurudumu la mbele kwa kandambili iliyokatwa kwenye tairi la gari, mpira juu ya mpira, kidogo kidogo tangu juu kabisa.

"Prof, ukingoja kinga ikamate mbio, umeisha kufa," aliniambia siku moja. Kinga ndiyo baiskeli kwetu, na sentensi hiyo ni sura nzima ya kitabu changu: uzito mara mwendo, na kilichokwisha kuondoka hakipendi kusimama. Wanafunzi wangu huikariri kwa Kifaransa na kuisahau kabla ya kengele.

Basi mtu huyu asiyeogopa mlima alimwogopa binadamu mmoja tu, mama mkwe wake, Mama Marie-Thérèse. Alikuwa binti wa mfanyakazi wa reli, benchi la mbele kanisani, na alikuwa ametamani mkwe wa ofisini. Akaletewa wa mkaa. Kwa desturi yetu, mpaka siku mama mkwe atakapokupikia rasmi na kukufunulia vyungu, huli kwake, husemi naye, humtazami usoni. Mkikutana njiani, wewe unaingia majanini, na ujumbe wowote hupita kwa mtu wa tatu. Kwa wengine hali hiyo huchukua miezi michache. Lombe alikuwa na miaka mitatu ya ndoa na watoto wawili, na bado aliingia majanini.

Hatimaye mama akataja siku: Jumapili. Ijumaa Lombe alikuja kwangu kuazima viatu, uso umemsawijika kwa hofu.

"Prof, nikikosa hata kiloko tu, ataachisha yote. Princesse amechoka kunibebea bukari mu kitambaa."

Kiloko ni kidogo, bukari ni ugali, na Princesse ni mke wake. Nikamhurumia, nikampa viatu vyangu vya ngozi, soli laini, vinavyong'aa. Mimi, mtu wa kufundisha msuguano miaka kumi na tisa. Elimu bila amali ni kama nta bila asali, na siku ile nilikuwa nta tupu.

Jumamosi, ili avizoeshe miguu kabla ya sherehe, Lombe alivivaa kazini.

Nilikuwa langoni kwangu nasahihisha mitihani, asubuhi, chini ya mteremko. Juu kikatokea kile kichaka. Kutoka chini akaja Mama Marie-Thérèse na beseni kichwani, anatoka sokoni kununua vitu vya Jumapili. Mvua zilikuwa zimechimba mitaro kila upande, kwa hiyo alitembea katikati ya barabara. Alipomwona mkwe wake alifanya lile ambalo mwanamke mwenye adabu hufanya: akatua beseni, akageuza mgongo, akachuchumaa na kujifunika kitenge kichwani. Palepale katikati.

Lombe alikanyaga gurudumu. Ngozi ikateleza. Akakanyaga tena. Kumpigia mama mkwe kelele hakuweza, hata kwa kufa. Akanitafuta mimi kwa macho.

"Prof, ambia mama atoke mu njia. Kinga haina frein."

"Mama," nikasema, "anaomba utoke mu njia."

Chini ya kitenge ikatoka sauti ya utulivu. "Prof, muulize bukwe yangu: ni nani anatoka mu njia, mama ao mutoto?"

Bukwe ni mkwe. Na mimi, badala ya kuruka nikamvute yule mama, nikapeleka ujumbe kwa adabu zote. "Lombe, anauliza ni nani anatoka mu njia, mama ao mutoto."

"Ni miye. Lakini kinga haisikie."

"Mama, anasema ni yeye, lakini kinga haisikie."

"Basi akanyage."

"Lombe, anasema ukanyage."

"Minakanyaga, Prof. Ni viatu yako."

Ujumbe huo sikuufikisha. Niliona aibu.

Zilibaki hatua kama thelathini. Kulia kwa Lombe palikuwa na ukuta wa jirani, kushoto rundo la mchanga ambalo nililinunua mwaka juzi nijenge ukuta wangu, na ambalo mke wangu hulisema kila siku. Ukuta ungemsimamisha mara moja na kumvunja. Mchanga ungemsimamisha polepole. Lombe hakuhitaji ubao wala chaki. Akavuta usukani kushoto, akaruka mtaro, akazama mchangani. Baiskeli ilisimama. Lombe aliendelea kidogo. Mifuko ikaendelea juu yake, ikapasuka, na pakawa na vumbi jeusi tu.

"Prof," kikauliza kitenge, "bukwe yangu iko muzima?"

Nikaenda kutazama. Alikuwa amekaa mchangani, mweusi kuanzia nywele hadi viatu vyangu, anahesabu vidole vyake.

"Iko muzima, mama."

Mama akasimama, akajifunua, akamtazama Lombe usoni wazi. Lombe akajiziba uso kwa mikono, mikono myeusi juu ya uso mweusi. Nikajua sherehe imekufa.

Mama Marie-Thérèse akautazama ule mtaro aliouruka Lombe.

"Sioni bukwe hapa, Prof," akasema. "Minaona makala tu."

Akapiga magoti, akaanza kuokota mkaa, kipande kwa kipande, na kuutia kwenye beseni lake.

Jumapili nilimsindikiza Lombe. Vyungu vikafunuliwa kimoja kimoja: kuku, maharagwe, matembele, bukari. Cha mwisho, kidogo, mama alikileta mwenyewe. Lombe akakifunua. Ndani mlikuwa na breki mpya za baiskeli, pamoja na waya zake, zimepangwa vizuri kama samaki.

Mama akafungua kinywa kusema. Nami nikajiweka tayari kupeleka ujumbe.

"Prof, nyamaza," akasema. Akamgeukia Lombe. "Mutoto yangu, kula kwanza. Zile utafunga kesho."