Kidevu cha Gari Jipya

Gari dogo la kifahari la kwanza kupanda hadi kijijini kwetu, huku juu Upare ya kusini, nililiendesha mimi. Mpaka leo sijaendesha kitu kingine cha bei kubwa vile chenye faida ndogo vile.

Lilikuwa la kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa. Miaka ya kupanga foleni ya sabuni ilikuwa imepita, ruksa ya biashara imekuja, naye alikuwa akiuza redio na vitambaa Dar es Salaam. Alifika Same kwa lami, akaitazama milima, akanitafuta. Mimi nilikuwa nafundisha watu udereva pale mjini.

"Panda nalo wewe, mwalimu," akasema. "Utaniambia ukweli kama linafaa."

Basi ukweli wenyewe ni huu. Toleo la zamani la gari lile nililijua. Lilikuwa na sura ya kabati, lakini tumbo lake lilikaa juu, na tairi la akiba lilining'inia mlango wa nyuma, mahali pa kufikika upesi. Waliolisanifu upya inaelekea waliliona la kishamba. Wakalishusha tumbo, wakalivisha plastiki kiunoni, wakalificha tairi la akiba chini ya sakafu, tena jembamba kama la pikipiki. Mbele wakalichonga kidevu kirefu kilichokaribia kulamba barabara. Ndani kulikuwa na viti vya ngozi rangi ya maziwa, ubao usiokuwa ubao, na tundu la kuwekea kikombe. Kwa kona zetu, chai hiyo ingemwagika yote mapajani.

Kilichoniudhi zaidi ni usukani. Wanafunzi wangu nawafundisha kusikiliza kwa mikono: jiwe, mchanga, utelezi, vyote vinapanda mpaka viganjani. Gari lile lilikuwa limeitia mikono yangu pamba.

"Dar wanaliita shangingi, kama magari ya mawaziri," kaka akasema.

"Shangingi gani? Huyu ni mtoto wa shangingi, kaazima hereni za mama yake."

Akacheka, lakini si sana.

Tulipofika juu ya shamba la tangawizi la mama yangu, kidevu kikagonga. Hapo barabara imekatizwa kwa mshazari na kinga ya maji, yaani tuta la udongo na mawe lililoshindiliwa. Mvua ikinyesha, maji huteremka na barabara, yakifika kwenye kinga yanageuzwa kuingia mtaroni. Bila tuta hilo yangeingia moja kwa moja kwenye tangawizi, ambayo wakati ule ilikuwa changa, na mama hakuwa na shamba lingine la kumlisha mwaka ule. Mawingu ya vuli yalikuwa yameshatanda mlimani.

Kaka hakutaka kuliacha gari njiani. Akatuma ujumbe kwa mwenyekiti wa kijiji, na pembe ya msaragambo ikapigwa. Msaragambo kwetu ni kazi ya wote: shule, mfereji, barabara. Watu wakaja mbio na majembe wakidhani mlima umeporomoka. Wakaambiwa wafukue kinga.

Wanaume walioijenga kwa mikono yao wenyewe walilizunguka gari wakijitazama kwenye rangi yake kama mabinti kwenye kioo.

"Linang'aa, jamani!"

"Tufukue lipite, udongo si tutaurudisha?"

Nikawaeleza taratibu kwamba udongo wa kinga hukomaa kwa kukanyagwa msimu mzima, na ukirudishwa leo utaondoka na maji ya kwanza. Walinisikiliza kwa adabu, macho yao kwenye taa za gari. Mmoja alikuwa ameshanyanyua jembe mama alipopanda kutoka shambani.

"Shikamoo, mama mdogo," kaka akasema kupitia dirishani.

"Marahaba, mwanangu. Unaumwa?"

"Hapana, mama."

"Nimeona hushuki."

Watu wakaangua kicheko. Kaka akashuka, akitafuta pa kuweka viatu vyake. Mama akawageukia watu.

"Pembe imepigwa kwa ajili ya barabara au kwa ajili ya gari?"

"Gari, mama," mwenyekiti akajibu.

"Basi libebeni gari."

Wakatazamana. Kisha mmoja akaligonga ubavuni kwa kidole. "Plastiki tupu hii! Haya, twende!"

Majembe yakawekwa chini. Nikapiga kelele washike penye chuma, lakini mwenyekiti alikuwa ameshakamata kidevu. Kikabanduka, akabaki amekikumbatia kama sahani ya sadaka.

"Taratibu, jamani! Taratibu!" kaka akalia.

"Bwana, hata marehemu halalamiki hivi!"

Wakainua pua, wakainua mkia, gari likavuka. Kinga haikuguswa.

"Haya, mwalimu," kaka akaniambia, akifuta jasho. "Linafaa?"

"Linafaa sana, ukiwa na kijiji kizima cha kulibeba."

Mvua ilianza kabla watu hawajaokota majembe yao. Maji yakaja mekundu, yakagonga tuta, yakasita, yakageukia mtaroni. Mama alisimama juu ya tuta, khanga imemganda mwilini, mpaka aliporidhika. Kisha akateremka shambani, akapita mstari kwa mstari akiwa ameinama. Hakuna shina lililokuwa limelala.