Bi Zena Wawili

Nilipokuwa na miaka kumi nililetwa kwa mjomba wangu, Seif, katika kijiji cha barabarani upande wa Mchukwi, ili nisome. Mjomba alikuwa na simu ya tachi, na simu za namna hiyo mtaani zilikuwa za kuhesabu. "Nikikukuta na simu hii," alinionya, "utarudi kwa baba yako na begi kichwani." Niliishika kila alipogeuka. Kichwa changu kilikuwa kigumu, na hata leo hakijalainika sana.

Katika simu ile niligundua jambo mwenyewe, bila mwalimu. Ilikuwa na namna ya kupiga picha ndefu: unabonyeza mara moja, kisha unaizungusha polepole kutoka kushoto kwenda kulia, nayo inameza uwanja mzima. Siku moja mbuzi alikuwa kushoto, nikampita na simu, naye akazunguka nyuma ya mgongo wangu akatokea kulia. Kwenye picha wakatoka mbuzi wawili, pembe zilezile, kamba ileile. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Jirani yetu alikuwa Bi Zena, mjane aliyesuka mikeka. Hakujaaliwa kuzaa. Kwetu mwanamke mzee anayeishi peke yake ana kesi kabla hajakosa, ila mimi nilimpenda. Alinipa vipande vya ukindu wa rangi nisukie vikapu vyangu vibovu, akavisifia. Nikimwamkia shikamoo, aliitika marahaba ndefu ya kunidekeza.

Alasiri moja mtoto mchanga wa mjomba alikuwa na homa. Mama Mwajuma, mke wa mjomba, alishika ndoo aende kisimani; Mwajuma, binti yao wa kwanza, alikuwa madrasa.

"Kaa naye. Usibanduke hapa."

Nikabanduka. Simu ilikuwa juu ya kiti, mjomba hayupo, na mtoto alikuwa amelala. Nikaichukua, nikasema nitarudi sasa hivi, nikakimbilia uwanjani kwa Bi Zena.

"Bibi, kaa hapohapo usuke," nilimwambia Bi Zena. "Nikikwambia, pita nyuma yangu ukasimame mlango wa jiko. Usipite mbele."

"Weye mtoto, magoti yananiuma."

"Mara moja tu, bibi yangu."

Akainuka. Alipita nyuma yangu ameshika kanga yake, akicheka peke yake kama kigori. Nilipomwonyesha picha alijiona mara mbili, kwenye mkeka na mlangoni kwa jiko. "Lo! Uzee huu napata pacha," alisema, akaniomba nimwonyeshe tena. Nikamwonyesha tena. Na tena.

Niliporudi, macho ya mtoto yalikuwa yamegeuka na mikono inaruka. Degedege. Kabla sijapiga kelele Mama Mwajuma akaingia, akanikuta ndani, akaitupa ndoo. Walipanda bodaboda kukimbilia hospitali, na mtoto alifia njiani. Hakufika arobaini yake. Alikuwa katika hali ile kwa muda gani sijui, na nimeshajiuliza mara nyingi mno.

Siku ya tatu ya msiba Mama Mwajuma aliomba simu amtazame mwanawe, maana alikuwa na picha zake mbili tatu. Akazipata. Baada ya hizo akakutana na ile nyingine, ya Bi Zena wawili.

Kwetu kila mtu anajua, na mimi nililijua kabla ya a-e-i-o-u, kwamba mchawi akitaka kwenda kazini hujigawa. Mmoja hubaki akisuka mkeka wake watu wamwone, wa pili huenda kumla mtu. Miaka yote yalikuwa maneno tu. Sasa kulikuwa na picha, ya siku ileile, na simu haina fitina na mtu.

"Nani kaipiga?" mjomba aliuliza.

Wanawake wote wa msibani wakanigeukia. Nilingoja kofi. Badala yake mjomba alichuchumaa mbele yangu akaniambia kwa upole ambao hakuwahi kunipa, "Mwanangu, usiogope. Ulikuwa wapi?"

"Mlangoni kwetu."

"Na mtoto?"

"Nilikuwa namwona."

"Hii picha ulibonyeza mara ngapi?"

"Mara moja."

Wallahi hilo la mwisho lilikuwa kweli tupu, na ndilo lililomwangamiza.

Upande wetu mtu akishasemwa hunyolewa kichwa na mganga, ati uchawi umtoke. Akikubali, amekiri. Akikataa, anahamishwa kijijini. Bi Zena alikubali, kwa sababu alidhani kuna mtu atamtetea. Wakamkalisha uwanjani asubuhi, jua limeshaanza kuchoma, watu wamejaa. Akanitafuta kwa macho mpaka akaniona.

"Mjukuu wangu, waambie nilipita nyuma yako. Si uliniambia mwenyewe nipite?"

Kusema ndiyo kungenifikisha kwenye mkeka wake, na simu mkononi, wakati mtoto yuko peke yake.

"Hukupita, bibi," nilisema. Nilisema kwa sauti, kama najibu darasani.

"Mtoto hasemi uongo!" mwanamke mmoja akadakia. Bi Zena alivua ushungi wake mwenyewe, akaukunja, akauweka mapajani. Wembe ulipoanza, nywele zake nyeupe zilianguka begani na watoto wakacheka. Nami nilicheka nisibaki peke yangu.

Kaka yake alikuja kumchukua wakaenda Maparoni. Masika ya pili tukasikia amefariki na ameshazikwa. Nyumbani kwetu hakuna aliyesema innalillahi. Mwaka huo nilishika nafasi ya tatu darasani, mjomba akaninunulia viatu.

Siku hizi napiga picha za harusi Kibiti, na mchezo ule wa kumtoa mtu mara mbili maharusi wanaupenda sana. Mwaka jana roho ilinisuta nikashindwa kuvumilia. Nilikwenda kwa Mama Mwajuma, nikamwambia Bi Zena alionewa. Nikamsimamisha Mwajuma, bintiye, kushoto kwa uwanja, nikazungusha simu, akapita nyuma yangu, akasimama kulia. Mama yake alikuwa anatazama mwanzo mpaka mwisho.

Nikampa simu. Aliitazama, akamvuta Mwajuma nyuma yake.

"Kumbe alikuachia wewe," alisema. "Miaka yote najiuliza alimwachia nani."

"Mama Mwajuma, ni simu tu. Umeona mwenyewe akipita."

"Nimeona. Na siku ile ulikuwa wewe ndani na mwanangu."

Pale pale ningeweza kumwambia kwamba sikuwa ndani. Neno hilo moja lingemsafisha Bi Zena na mimi pia, maana Bi Zena alikuwa akicheka nami, na mtu hawezi kumla mtoto aliyemwacha akaenda kucheza. Lakini angejua kwamba mwanawe alijipigapiga peke yake, chumba kitupu, wakati mimi namwonyesha mtu picha kwa mara ya tatu.

Nikaona heri aniite mchawi. Bi Zena hatukumpa nafasi ya kuchagua. Nilichukua simu yangu nikamuaga, naye akamwingiza Mwajuma ndani akafunga mlango.