Nafasi za Getini

Mafundi wenzake walimwita Kioo, maana kwenye sakafu aliyoipiga yeye ungeweza kujiona sura. Ufa ulimnyima usingizi. Basi fikiria adha yake siku alipopewa kazi ya kutandika vitofali kwenye ua wa gereji ya malori, mhandisi akamwambia aache nafasi wazi kati ya kitofali na kitofali, ajaze kokoto ndogo tu, saruji asiiguse.

"Mvua na oili inayodondoka vipite hapo," mhandisi alimweleza. "Chini kuna kitambaa na kokoto, na humo wanakaa vijidudu usiowaona kwa macho. Wakipata hewa na unyevu, wanaila ile oili kidogo kidogo. Maji yanatoka kwenye bomba lililofukiwa chini yakiwa safi."

Kioo aliguna. Lakini maji hayo yaliteremkia kwenye kitalu cha miche cha dada yake mdogo, chini ya geti, kwa hiyo akafuata maelekezo. Karibu yote. Pale getini, ambapo kila mteja angepita, roho ilimshinda. Akaziba nafasi za safu sita kwa saruji, akazilainisha, akasimama kuzitazama. Zilipendeza, hilo hata mimi sibishi.

Mvua zilipoanza, miche ikanyauka, majani yameganda oili. Mwenye gereji akaja juu: habari za vijidudu ni porojo, kesho ua wote umwagwe zege. Dada mtu alisikia, akapanda mbio hadi uani. Zege likimwagwa, oili yote ingemshukia yeye.

Kioo angeweza kunyamaza. Lawama zilikuwa za mhandisi, jina la Kioo halikuguswa. Lakini alichukua patasi na nyundo, na mbele ya madereva na mafundi wote akang'oa kitofali katikati ya ua. Kitambaa kilikuwa cheusi kwa oili, kokoto za chini yake safi, zinanukia udongo uliolowa. Akang'oa kingine getini. Kokoto kavu, hazijawahi kuonja tone.

"Vijidudu hawana kosa, bosi," alisema. "Hapa niliwafungia mlango mimi. Oili imepita juu kwa juu mpaka kwa mdogo wangu."

"Kaka, ulizibia nini?" dada yake aliuliza.

"Urembo tu. Nisamehe."

Dada akarudi kwenye miche yake. Mwenye gereji alinung'unika, kisha akaahirisha zege. Kioo akapiga magoti, akaanza kuvunja kazi aliyoipenda kuliko zote. Mimi namheshimu kwa asubuhi ile moja kuliko kwa sakafu zake zote.

Dereva mmoja mgeni alisimamisha lori, akachungulia zile nafasi zilizoachama. "Nani kalipua kazi hapa?"

"Ni mimi," Kioo akajibu, akaendelea kugonga.