Pini ya Shali ya Wakesho

Sifa kwa Mungu aliyeniamsha tena leo hapa Sagalla, akaniachia macho ya kuona ncha ya waya na vidole vya kuukunja. Wengi niliocheza nao hawakufika umri huu. Simwulizi sababu, namshukuru tu.

Enzi zetu, wenzangu mnakumbuka, msichana hakununua kibanio cha nywele. Alikitengeneza. Leo wajukuu wangu wanashuka sokoni Voi, wanarudi na vibanio vya plastiki vya kila rangi, na kabla mhubiri hajafunga Biblia kimoja kimeshapasuka, pa! nywele zimeangukia macho. Sisi tulitumia waya. Tuliunyoosha kwa kuuvuta mbele na nyuma kwenye mwimo wa mlango mpaka ukalia, tukauzungusha kwenye gunzi la mahindi kupata kibanio, au kwenye msumari mnene kupata duara la pini ya shali. Vidole vilinuka chuma na moshi hata tulipokuwa tukila kimanga, ule mseto wetu wa mihogo na maharagwe.

Nyanya yetu ndiye aliyetufundisha, na hakuwa na mchezo. Waya upite motoni mpaka uwe mwekundu, upoe wenyewe, usuguliwe kwa mchanga. Ncha uisage kwenye jiwe. Kisha, kabla hujampa mtu, uipitishe kwenye uso wako. "Shavu lako kwanza," alisema. "Ikikukwaruza, rudi kwenye jiwe."

Dada yangu Wakesho alinizidi miaka mitatu. Mwaka wake wa kipaimara, kila msichana alitakiwa kuvaa shali nyeupe mabegani, na shali bila pini huteleza ukipiga magoti. Niliahidi kumtengenezea. Nikacheza wiki nzima, nikakumbuka Jumamosi. Nyanya alikuwa ameenda kutafuta maji, na jikoni moto ulikuwa umezimwa kwa sababu kuni zilikuwa haba. Nikaokota kipande cha seng'enge kilicholala kwenye samadi kando ya zizi la mbuzi, nikakifumua. Bila moto waya ulikuwa mgumu. Niliupinda kwa jiwe na meno.

"We Mghoi, utamaliza lini? Ama nifunge shali na mwiba?" Wakesho alinitania akiwa mlangoni.

"Ngoja bwana! Tayari."

"Na ncha umeisugua?"

"Ncha itakuwa ndani ya shali. Nani ataiona?"

Akacheka, akaipokea. Sikuipitisha shavuni.

Kesho yake, alipopiga magoti mbele ya askofu, nilimwona akikunja uso. Nyumbani alinionyesha tone la damu chini ya bega. "Pini yako inauma kama nyuki," alisema, akanifinya sikio. Hakuna aliyelijali lile tone.

Siku ya nane alishindwa kufungua kinywa anywe uji. Tulidhani ni jino. Baadaye mgongo ukakakamaa, ukapinda nyuma, na hata bakuli likianguka mwili wake wote ulishtuka. Wanaume walimteremsha mlima kwa kitanda cha kamba mpaka hospitali. Daktari alisema ni pepopunda, akauliza mtoto alichomwa na nini. Mama alinitazama. Wakesho alirudi mlimani kwa kitanda kilekile, amefunikwa shali yake.

Baada ya maziko nilijificha nyuma ya ghala, sili. Siku ya tatu mama alikuja akasimama pale. "Toka huko," alisema. "Mimi sina watoto wawili wa kupoteza."

Aliniketisha jikoni. Akaiweka ile pini motoni mpaka ikawa nyekundu, akaisugua kwa mchanga, akaisaga kwenye jiwe, akaipitisha kwenye shavu lake. Akaivaa Jumapili ile, na kila Jumapili hadi tulipomzika. Hakuwahi kunilaumu hata mara moja.

Sasa iko kwenye shali yangu. Jumamosi mimi huwafundisha wasichana wa kanisa wanaoanza kushika waya. Juzi mjukuu wangu Mkawasi, simu mkononi, aliniambia, "Nyanya, kwenye video hawachomi waya. Na hii ncha si iko nyuma? Nani ataiona?"

Mikono yangu ilisimama. Nilimwomba pini yake, nikaipitisha shavuni. Ikaniachia mstari mwembamba wa damu. Mtoto aliacha kucheka, akarudi kwenye jiwe bila kuambiwa. Hapo ndipo nilipowasimulia habari za Wakesho.

Wenzangu, tunapenda kusema zamani ilikuwa tamu. Ilikuwa tamu, na ilitula. Leo kuna chanjo, bodaboda inapanda mpaka mlangoni, na waya safi unauzwa dukani. Wakesho wa leo angepona. Nashukuru kwa hayo, na yananiuma.

Wewe unayesoma, Mungu akulinde, wewe na watoto wako. Na kama kuna kidonda ulichomtia mtu ungali mdogo, akupe wa kukuita utoke ulikojificha, kama alivyonipa mimi mama yangu.